Nilikwenda Stockholm Kuona Chama Kidogo Kikishinda

Niliondoka Voi kwa sababu nilikuwa nimeshindwa uchaguzi na sikuelewa nilishindwaje. Niligombea kiti cha mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti nikiwa mgombea huru, bila chama. Nilifundisha katika wadi ile hadi nilipostaafu, na wapiga kura wengi nimewasahihishia madaftari kwa mkono huu. Kila nilikokwenda walinipigia makofi. Siku ya kura wakampigia mgombea wa chama kikubwa. Wagombea huru tulikuwa wengi, na mume wangu Mwandawiro alizijumlisha kura zetu akanionyesha kwamba kwa pamoja tulimpita mshindi. Alidhani atanifariji. Nilizidi kukasirika, kwa sababu kati ya wagombea huru waliozigawanya kura zangu alikuwapo Mghanga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye tulirushiana maneno kampeni nzima hadi tukaacha kusalimiana kanisani.

Uchaguzi mwingine ulipoanza kunukia, watu wakaanza kuniuliza kama nitasimama tena. Sikuwa na jibu. Ndipo mdogo wangu Wakesho akanipigia simu. Yeye aliolewa Stockholm zamani, anafanya kazi ya uuguzi msaidizi huko.

"Dada, mimi pia nagombea," aliniambia. "Baraza la mkoa. Ni kama kaunti kwenu."

"Kwa chama gani?"

"Hata nikikutajia hukijui. Majirani zangu wenyewe hawakijui."

"Sasa mtashinda vipi?"

"Umestaafu, huna pa kukimbilia. Njoo uone kwa macho yako."

Mwandawiro alinisindikiza hadi stesheni ya treni. Aliniambia nikirudi nimpe jibu moja tu, ndiyo au hapana, maana amechoka kuulizwa na watu sokoni.

Uwanja wa ndege wa Arlanda nilifika asubuhi, wiki ya mwisho ya kampeni. Wakesho alinipokea kwa kunikumbatia muda mrefu, kisha akanivisha koti lake. Ndani ya treni ya kwenda mjini nilitoa macho dirishani nikitafuta uchaguzi. Kwetu wiki kama ile kuta zinakuwa na nyuso nyingi kuliko madirisha, na magari ya vipaza sauti hayakuachii usingizi. Huku niliona misitu ambayo majani yake yalianza kuwa ya njano, na watu waliokaa kimya kama wanaongoja matokeo ya hospitali. Mjini yalikuwapo mabango machache yenye picha za wakubwa wa vyama vikubwa. Mdogo wangu sikumwona popote.

"Picha yako iko wapi?" nilimuuliza.

"Ipo moja. Nimeibandika kwenye friji."

Nilidhani anatania. Tulipofika kwake Akalla, mwisho kabisa wa reli ya chini ya ardhi, niliikuta kwenye friji kweli.

Jioni hiyo, mezani, alinieleza mambo nikabaki nimekunja uso. Siku ya kura mtu anaweza kupata karatasi za rangi tatu. Ya njano ni ya bunge la nchi, nyeupe ni ya jiji, bluu ni ya mkoa. Mgeni aliyeishi huko miaka ya kutosha hata bila uraia anapiga ya nyeupe na ya bluu, ila ya njano haimhusu. Na karatasi haina picha wala vyama vyote kwa pamoja. Kila chama kina karatasi yake, na juu yake majina ya wagombea wake yamepangwa moja hadi mwisho. Unachagua karatasi ya chama, na ukitaka unatia alama kwenye jina la mtu mmoja.

"Wewe ni wa ngapi?" niliuliza.

"Wa nne."

"Na chama chenu kinatarajia viti vingapi upande huu?"

"Kimoja. Wenye matumaini sana wanasema viwili."

"Basi wewe huingii."

"Labda. Watu wakinitia alama za kutosha, nawapita walio juu yangu. Lakini kwanza chama chenyewe kipate asilimia tatu ya kura za mkoa mzima. Kisipofika, hakuna anayeingia, hata wa kwanza."

Mumewe Lars alikuwa anamenya viazi huku akitusikiliza. Anakielewa Kiswahili kidogo. Nilimuuliza kama atamtia mkewe alama. Alitabasamu akaendelea na viazi.

"Hajaniambia anampigia nani," Wakesho alisema. "Nami sijamuuliza."

Usiku ule niliukaribisha usingizi ukakataa kuja. Mwandawiro angekataa kunitajia kura yake, tungelala vyumba mbalimbali.

Kesho yake tulikwenda Hässelby, upande wa magharibi, mwisho wa reli ya kijani. Hapo uwanjani, mbele ya stesheni, vyama vilikuwa vimejenga vibanda vya mbao, kila kimoja na rangi yake, vimepangwa bega kwa bega kama maduka ya sokoni. Chama cha Wakesho hakikuwa na kibanda. Kilikuwa na meza ya kukunja, chupa ya kahawa, na maandazi ya mdalasini. Nyuma ya meza alisimama mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kufumwa.

"Huyu ni Haji Kasule," Wakesho alinijulisha. "Ndiye wa kwanza kwenye karatasi yetu."

Haji Kasule alitoka Uganda kijana, wakati wa misukosuko, akaendesha mabasi ya Stockholm hadi akastaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha kuokota neno moja moja.

"Karibu, mwalimu," aliniambia. "Dada yako anasema wewe ni mtu wa siasa. Hapa siasa ni kusimama kwa baridi."

Tulisimama kwa baridi kweli. Hoja yao ilikuwa moja tu, zahanati za mitaa zifunguliwe jioni, kwa sababu wafanya usafi, madereva na wapishi wanarudi nyumbani zikiwa zimeshafungwa. Wakesho alikuwa akimwambia kila apitaye jambo hilo hilo. Wengi hawakusimama. Aliyesimama alisikiliza, akauliza swali moja, akachukua andazi, akaenda. Hakuna aliyepiga makofi. Nilimwona mwanamke kutoka kibanda cha chama kikubwa akija kuomba kahawa kwetu, na Haji akammiminia.

"Unawapa kahawa?" nilimnong'oneza.

"Yao imekwisha," alisema, kana kwamba nilikuwa nimeuliza kuhusu kahawa.

Kilichonitatiza zaidi ni yeye mwenyewe. Kama kiti ni kimoja, basi yeye na mdogo wangu walikuwa wanagombania kiti kimoja, na hawa hapa wanagawana maandazi. Nilimvuta Wakesho pembeni nikamuuliza kama Haji si mpinzani wake.

"Ni mpinzani wangu," alikubali. "Ukipita pale mnunulie limau, kifua kinambana."

Siku mbili kabla ya kura Wakesho alikuwa kazini, nami nikaenda mjini peke yangu kutazama maji na majumba ya zamani. Wakati wa kurudi alikuwa amenisisitizia jambo moja, nipande treni ya bluu. Nikapanda ya bluu. Hakuniambia, au aliniambia nikasahau, kwamba treni za bluu zinaachana njiani, nyingine zinakwenda Akalla na nyingine zinakwenda upande mwingine. Niliposikia msemaji wa treni akitaja Rinkeby nilijua nimepotea, nikashuka.

Rinkeby haikunitisha. Nilipotoka nje nilikutana na ndizi mbichi, unga, na akina mama waliojifunga vitambaa vichwani wakibishana kwa lugha ambazo nyingine nilizifahamu. Niliingia duka moja niulize njia. Lilikuwa na watu wengi, na mbele, kwenye kaunta, kati ya mizani na gunia la maharage, niliona mgongo na kofia niliyoijua. Haji Kasule alikuwa anawaonyesha watu karatasi ya bluu. Alizungumza Kiganda, sauti ya chini. Kisha akachukua kalamu, akatia alama kwenye jina moja, akaiinua karatasi ili waione. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kutoka mlangoni sikuweza kusoma jina, lakini niliona vidole vyake vimekamata sehemu ya juu ya karatasi.

Nilitoka bila kusalimia. Nilifika Akalla kwa kuulizauliza.

Wakesho aliporudi kutoka kazini nilimngoja avue viatu.

"Yule mzee wako anawazunguka," nilimwambia. "Nimemwona Rinkeby akiwafundisha watu wamtie yeye alama. Mbele yako anamimina kahawa, nyuma anakukata miguu."

"Ulimsikia akisema jina lake?"

"Alisema Kiganda. Lakini macho ninayo."

Aliketi kwenye kochi. "Hata kama ni hivyo, ni haki yake, dada. Kila mmoja wetu ana ruhusa ya kuomba alama."

"Basi nawe nenda kesho kwa Wakenya wako, uwaambie wasimsikilize. Nitakwenda nawe. Mimi najua kusema na watu."

"Hapana."

"Mbona unakubali kufanywa mjinga?"

Hapo ndipo aliponijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Dada, tukianza kuvutana sisi wenyewe, asilimia tatu hatuipati, na zahanati itaendelea kufungwa mapema kama kawaida. Nimesimama kwenye uwanja ule tangu kiangazi kianze. Usiniharibie kwa siku mbili."

Aliingia chumbani. Lars alikuja akaniwekea chai mezani, akasema kwa Kiswahili chake, "Pole, dada," na sikujua ananionea huruma mimi, au mkewe. Nilitamani kupanga sanduku langu nirudi nyumbani. Nilikuwa nimevuka bara zima kuja kujifunza ushindi, na mwalimu wangu hataki kushindana.

Jumapili ya kura hatukusemezana sana. Kituo kilikuwa shule ya jirani, nami niliruhusiwa kuingia na kutazama ilmradi nisimsumbue mtu. Hakukuwa na askari wenye bunduki wala wino wa kupaka kidole. Nje, Mama Espérance, Mkongomani anayekaa ghorofa ya chini ya Wakesho, alinishika mkono alipokuwa anatoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura nchi ile.

"Dada, makaratasi iko mingi kule ndani, nilifikiri nimeingia duka ya magazeti," alisema. "Nikatafuta ile ya bleu. Nikaona jina ya dada yako, nikatia alama. Halafu nikaona na jina ya ule mzee wa basi, ni muzuri sana naye, nikatia alama. Nimefanya bien?"

Sikujua. Nilimuuliza Wakesho baadaye, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wetu aliangua kicheko. Alama zikiwa mbili kwenye karatasi moja, alinieleza, zote zinaharibika, lakini kura ya chama inabaki.

"Kwa hiyo amekusaidia au amekuponza?"

"Vyote viwili," alisema, akafuta macho.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni na simu mkononi. Chama chao kilikuwa chini ya asilimia tatu kwa kidogo sana. Kwetu hapo watu wangekuwa wameshavunja viti au wameshakwenda mahakamani. Wakesho alivaa sare yake ya kazi.

"Pole, mdogo wangu," nilimwambia.

"Bado hawajamaliza. Kuna kura za waliopiga mapema na za waliopiga wakiwa nje ya nchi, zinahesabiwa katikati ya wiki."

"Na ukiwa hujui kama umeshinda au umeshindwa, leo unafanya nini?"

"Nakwenda kuwafunga wagonjwa bandeji."

Katikati ya wiki wakavuka ile asilimia. Wakavuka kwa wembamba, lakini wakavuka. Haji Kasule alikuja Akalla na maandazi, tukanywa kahawa sebuleni, wote wawili wakiwa na furaha ya kimya ambayo nilishindwa kuipima. Upande wao wa mkoa ulikuwa umepata kiti kimoja. Cha nani? Hakuna aliyejua, maana alama za majina zilikuwa bado zinahesabiwa, na hesabu hiyo ingechukua siku nyingine nyingi. Nilimtazama Haji akimega andazi. Nilitaka kumuuliza ana kwa ana kuhusu lile duka la Rinkeby. Wakesho akanitupia jicho, nikameza swali na kahawa.

Wakati wa kuaga Haji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, wewe ukirudi utasimama tena?"

"Sijui, Haji."

"Ukisimama, usisimame peke yako. Nimefanya hiyo miaka mingi. Ni baridi sana."

Siku ya kuondoka Wakesho alinipeleka Arlanda. Hatukutaja ugomvi. Aliniwekea koti lake kwenye mkoba, nami nikamwambia Voi halivaliki, akasema nitalitundika tu. Niliruka nikiwa sijui mdogo wangu ni mheshimiwa au si mheshimiwa, na ndani ya ndege jirani yangu aliponiuliza nilikuja kufanya nini Uswidi, nilisema nilikuja kumtembelea ndugu.

Voi nilifika adhuhuri, jua limesimama. Mwandawiro alinipokea stesheni na swali lake. Nikamwambia angoje kidogo. Akasema hata mwanafunzi aliyefeli hujua kwamba amefeli.

Simu ya Wakesho iliingia nikiwa nachambua mchicha. Alianza na salamu nyingi, nikajua ana jambo.

"Kiti ni changu," alisema mwishowe.

Nilisimama, mchicha ukamwagika. Lakini sauti yake haikuwa na shangwe.

"Mbona unaongea kama umefiwa?"

"Alama nyingi zilizonipitisha zilitoka Rinkeby, dada. Mimi Rinkeby sijulikani sana. Nilimuuliza Haji. Alikuwa anawaambia watu wake watie alama kwenye jina langu."

Nilikaa tena chini. Nikaiona ile karatasi iliyoinuliwa juu ya kaunta, na vidole vya mzee vimeikamata juu, na alama ikiwa chini ya vidole, mahali ambapo macho yangu hayakushuka.

"Kwa nini afanye hivyo? Yeye ndiye alikuwa wa kwanza."

"Alidhani tutapata viwili. Cha kwanza angepata yeye kwa nafasi yake, cha pili nipate mimi kwa alama. Alisema mimi ndiye ninayeijua zahanati kutoka ndani. Kikaja kimoja."

"Ikawa amejitoa mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na alisema nini alipojua?"

Nilisikia treni ikipita upande wake. "Siku kadhaa hakupokea simu. Nilidhani nimempoteza. Jana alikuja mlangoni, akaniuliza kikao cha kwanza ni lini, atanisindikiza mpaka nje ya ukumbi kwa sababu mimi hupotea mjini."

Nilimuuliza kama chama chenye viti vichache namna ile kitafanya nini humo ndani. Aliniambia kambi mbili kubwa zimekaribiana nguvu, na zote mbili zimeanza kuwaalika kahawa. Watakaa na ile itakayokubali kufungua zahanati jioni. Nilishangaa, kwa kuwa kampeni nzima walizisema kambi zote mbili vibaya. "Tulizisema," alikubali. "Sasa tutazisikiliza."

Ningependa kuwaandikia kwamba siku hiyo nilielewa kila kitu. Sikuelewa. Bado sijui kama Haji alikuwa mwema au alikosea hesabu, na nikimuuliza Wakesho anasema pengine ni vyote viwili, kama ile kura ya Mama Espérance. Nilichokishika ni kidogo. Mdogo wangu alishinda akiwa wa nne, kwenye chama kisicho na kibanda, kwa kuwa waliokuwa na haki ya kunyang'anyana hawakunyang'anyana. Na sisi wa wadi yetu tulikuwa na kura za kutosha kushinda, tukazikata vipande, kila mmoja akaondoka na kipande chake nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani kwa Mghanga. Alikuwa anapima misumari. Aliponiona aliacha mizani ikining'inia.

"Mwalimu," alisema, akitazama nyuma yangu kama nimekuja na watu.

"Niko peke yangu. Nimekuja tuzungumze kabla wengine hawajaanza kubandika picha zao. Tukae wote tuliogombea huru mara ile, tuchague mmoja. Wengine tumsimamie."

Alifunga misumari kwenye gazeti, akampa mteja, akangoja mteja atoke.

"Na huyo mmoja akiwa mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilimtazama yule mtu aliyeniita mwalimu wa makofi mbele ya umati wakati wa kampeni. Alinisogezea kiti cha plastiki. Nikakaa.

"Nitakwenda nyumba kwa nyumba na jina lako," nilimwambia.

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kama nitaweza, sijui. Alikwenda nyuma ya duka akarudi na chai, akaweka kikombe kimoja mbele yangu na kimoja mbele yake, akaniomba nianze kumwambia kuhusu hao wengine, nani tumwendee kwanza.